Mkono Nilioufunga Mimi

Zuhura, mama yangu,

Chitanda, dereva wa lori la saruji, anarudi Mtwara leo baada ya swala ya adhuhuri. Amekubali kupita Chuno kwa shangazi yako akupe barua hii kabla hujalala. Ameniuliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Nimemwambia kwamba kwenye simu mtu akianza kulia anakata, na jambo linabaki nusu. Akacheka, akasema, "Haya mzee Selemani, andika. Ila usiandike kitabu, lori halisubiri."

Leo Ijumaa tumepewa nusu siku kwa sababu mashine ya kuchanganya zege imekufa. Nimekaa nyuma ya kontena penye kivuli, daftari liko juu ya goti. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo vumilia.

Mambo ya safari siyaandiki. Mama yako alishakuambia habari za kufuli na ndoo na marafiki wa kuchagua, na shangazi yako ataongeza yake leo, maana hajawahi kuona ushauri akauacha ujipitie. Mimi nina jambo moja tu.

Kesho utaondoka kwenda chuo na lile faili la hospitali, la kijani, lililomo kwenye mfuko wa plastiki. Daktari alisema ukifika Morogoro uwaonyeshe wenzake kidole cha mwisho, kwa sababu umekua na kovu limeanza kukivuta tena. Ndani ya faili hilo kuna kurasa nyingi za Kiingereza. Nimelibeba miaka na miaka kwenda nalo kliniki na kurudi nalo, na sijui linasema nini. Wewe utalisoma kwenye basi. Nakujua, hujapata kukaa na karatasi usiisome, hata gazeti lililofungia vitumbua. Huenda ndani yake kuna mstari unaonisema. Huenda haumo. Ningeweza kunyamaza nikabahatisha. Lakini nimebahatisha vya kutosha na mkono wako, na sitaki ulijue jambo hili kutoka kwa mwandiko wa daktari wakati baba yako yuko hai na ana kalamu.

Nianze na siku ya moto, ambayo unadhani unaijua.

Ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nakaanga korosho nyuma ya nyumba juu ya bati nililolitoboa matundu. Unajua korosho ikishika moto maganda yanavyotema mafuta, moto unapanda mpaka kifuani, na mtu unakoroga kwa fito ndefu huku umegeuza uso. Watu wa kijijini wote walisema mtoto aliukimbilia moto, na mimi niliwaacha waseme hivyo. Hukuukimbilia. Moto nilikuwa nimeshauzima kwa mchanga, bati nimeliweka pembeni, na nikakuita, "Njoo uchukue ya kwanza." Ukaja mbio kwa furaha, ukajikwaa kwenye fito, ukaliangukia bati kwa kiganja cha kulia. Lilikuwa jeusi, halina moto, lakini mafuta ya maganda yalikuwa bado yanachemka juu yake, na yale yakishika ngozi hushika kama lami.

Hilo mama yako analijua. Hili la pili pia analijua, kwa sababu alikuwepo.

Zahanati walikusafisha wakatuambia turudi kila baada ya siku moja. Nilirudi mara tatu. Halafu jirani akaleta asali na manyoya ya sungura, na mimi nikaona njia ya kwenda zahanati ni ndefu. Kila nilipokunyoosha vidole nikupake dawa ulilia mpaka sauti ikakauka. Kila nilipovikunja ulinyamaza. Basi nikavikunja, nikakufunga ngumi kwa kipande cha khanga ya mama yako, nikakaza vizuri kwa fundo la mvuvi. Ukalala. Na mimi nikalala. Nilidhani kunyamaza ndiyo kupona. Siku nilipofungua kile kitambaa kwa mara ya mwisho kidonda kilikuwa kimekauka kabisa, safi, ila vidole vinne vilikuwa vimelala ndani ya kiganja na ngozi mpya imevishona hapo hapo. Nilijaribu kuvivuta. Ukaniangalia kama mtu anayeangalia mwizi.

Sasa ndiyo jambo lenyewe.

Ulikuwa na miaka saba walipokuja madaktari wa kutengeneza viungo. Gari lilipita na kipaza sauti likitangaza mpaka kule kwetu njia ya Kilambo: wenye makovu ya moto, wenye midomo iliyopasuka, njooni, ni bure. Nikakupeleka hospitali mjini. Wewe na mimi tu, mama yako alikuwa amejifungua mdogo wako. Wakakukubali. Jumapili tukapewa kitanda, Jumatatu daktari akaja na kalamu akakuchorea mistari kwenye mkono, mistari ya kona kona. Ulifurahi sana. Ukawatembelea wagonjwa wodi nzima, "Ona mchoro wangu," ukakataa kunawa mkono ule usije ukafutika. Upasuaji ulikuwa kesho yake. Walisema baada ya hapo tutakaa wiki mbili, kisha tutakuwa tunarudi kwa mazoezi.

Jumanne alfajiri jirani akanipigia simu. "Selemani, uko wapi? Korosho zako zinaokotwa. Ukichelewa utakuta mabibo matupu."

Ulikuwa mwezi wa kumi, mama. Unajua mwezi wa kumi kwetu. Zinaanguka mchana na usiku, na isiyookotwa na mwenyewe huokotwa na mwenye macho. Nilisimama kwenye korido ya wodi na simu mkononi, nikawaza wiki mbili. Nikamwambia nesi nampeleka mtoto nje anywe chai. Tukatoka getini, tukapanda gari la kijijini. Njia nzima uliushika mkono wako kwa mkono mwingine, kwa uangalifu, ili mchoro usisuguliwe.

Nyumbani nilimwambia mama yako, "Wamesema bado mdogo. Mifupa ni laini. Tusubiri akue."

Akaamini. Na wewe ukaamini, ulikuwa umekaa pale pale unasikiliza, na unajua kwamba daktari alikuchorea mistari, lakini baba amesema bado mdogo, basi bado mdogo.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa. Kitanda cha pili kwenye wodi ile kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu, na kweli niliogopa wasije wakakukata mkono badala ya kuukunjua. Hiyo ni kweli, lakini ni kweli ndogo. Woga haukunitoa wodini, maana nilikuwa nao tangu Jumapili na nilikaa nao. Zilinitoa korosho. Na korosho za mwaka ule sikumbuki hata zilikwenda wapi.

Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa unasimama kwenye mlango wa jikoni unaweka alama ya kimo kwa mkaa. "Baba, bado mdogo?" Nakujibu, "Bado." Ulikuwa unauliza kama mtu anayeuliza kama wali umeiva. Hukunung'unika hata siku moja. Ningefurahi ungenung'unika.

Shuleni walikuita Konzi. Hilo halikukusumbua sana kwa sababu uliwaonyesha kwa nini ni konzi, mwalimu akaniita mara mbili. Ukajifunza kuandika kwa kushoto, ukawashinda. Lakini kuna siku moja ambayo najua hujaisahau. Harusi ile ya kule Mtawanya, ulikuwa na miaka tisa au kumi. Tumekaa kwenye mkeka, sinia la pilau limefika, ukapeleka mkono wa kushoto. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, simtaji, akasema kwa sauti, "Mtoto wa nani huyu anakula kwa mkono wa chooni? Hana wazee?"

Mkono wako wa kulia ulikuwa umeuficha chini ya mtandio. Kilichotakiwa ni mimi niseme maneno mawili tu, "Ameungua, mzee." Lakini ukisema ameungua, watu huuliza alitibiwa wapi. Nikacheka. Nikasema, "Ah, mkaidi tu huyu, mzee wangu." Ukautoa mkono kwenye sinia, ukaukalia. Hukula mpaka tulipofika nyumbani.

Hayo yote yalitoka kwenye ile chai ya getini.

Mama yako ndiye aliyekata shauri. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisikia kliniki kwamba kuna daktari hospitalini mjini anayefanya mikono. Akaja akasimama mbele yangu na kikapu kimefungwa tayari. "Mtoto amekua. Mimi nakwenda naye. Wewe ukitaka njoo, usipotaka baki na mikorosho yako." Hakujua alichokisema, lakini kilinipata.

Daktari yule unamkumbuka, yule mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Aliushika mkono wako, akaugeuza geuza, akabonyeza huku na huku. Akauliza, "Ulifungwa na nani huu?"

Nikasema, "Mimi, daktari."

"Uliufunga vizuri sana, mzee. Ndiyo tabu yake."

Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Akasema itabidi kukata, akaona nimetoa macho, akanivuta mkono wangu mwenyewe, akaikunja ngozi ya kiwiko changu kwa vidole viwili. "Unaona hapa? Imelegea, ipo ya ziada. Kwa mtoto wako kovu limebana kama kamba, lakini pembeni ya kamba ipo ngozi nzima, iliyolegea. Hatutoi ngozi mbali. Tunachora herufi Z juu ya kamba, tunakata, tunapata pembe mbili. Tunaziinua kila moja ikiwa bado imeshika mwilini, damu yake inaendelea kupita, kisha tunazibadilisha mahali. Hii inakwenda kule, ile inakuja huku. Kamba inavunjika, na kidole kinapata urefu."

"Urefu unatoka wapi?"

"Kwenye upana. Ngozi ni ile ile, tunaipanga upya."

Mama yako akauliza kama anayekata kitambaa, "Na pale kwenye mikunjo ya vidole, kote?" Daktari akasema kila kidole kitapata Z zake, vingine mbili vingine tatu, na kidole gumba kidogo kwa sababu kilinusurika. Mimi nikaikumbuka ile michoro ya kona kona ya kalamu uliyoilinda ndani ya gari. Ilikuwa herufi zile zile. Nilijua wakati huo, na nikasaini karatasi bila kusema kitu.

Siku walipokufungua bandeji sitaisahau. Nyuzi nyeusi zimepita kiganjani kama meno ya msumeno, mkono umevimba kama boga, haupendezi hata kidogo. Na umefunguka. Ukauweka juu ya shuka, ukautazama, ukasema polepole, "Baba, kumbe nina mistari ndani." Ulikuwa hujaona ndani ya kiganja chako tangu una miaka mitano. Nikageukia dirishani. Mama yako akasema, "Utalia au utamshika mtoto?"

Halafu ikaja kazi, na hapa angalau nina kitu cha kujivunia, ingawa nacho nilianza kwa kukosea. Lile gango la kushikilia vidole vinyooke, la kulala nalo, na kunyoosha vidole asubuhi na jioni. Mtaalamu wa mazoezi alituambia kovu ni kaidi, kwa mwaka mzima litataka kurudi lilikozoea. Mama yako hakuweza kuvumilia kilio chako, alikuwa anatoka nje. Ikawa kazi yangu. Wiki ya pili ulilia sana, nikaruka siku mbili. Tuliporudi kliniki yule kijana wa mazoezi alikishika kidole chako cha pete, akakiona kigumu, akanitazama.

"Mzee, umemhurumia tena?"

Neno hilo "tena" sijui alilitoa wapi. Labda alilisoma kwenye faili. Sikuruka tena hata siku moja. Ndipo tukaweka ule mkataba wetu, kwamba nikinyoosha wewe utanitukana, ila matusi ya heshima. "Baba kobe!" Nanyoosha. "Baba mizizi ya ming'oko!" Nanyoosha. "Baba kipara cha mbuzi!" Bibi yako alikuwa anapita uani anasema, "Astaghafiru, mtoto gani huyu," na mimi namwambia, "Mwache mama, hiyo ndiyo dawa." Ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilijifunza kukushika nikiumizwa na sauti yako bila kuachia. Ningejua hivyo ulipokuwa na miaka mitano! Lakini sikujua, na ndiyo hivyo.

Na siku ya tonge. Ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, jioni, hakuna sherehe yoyote. Ukamega kwa mkono wa kulia, ukafinyanga, ukatia kishimo kwa kidole gumba, ukachovya, ukala. Ukaendelea na hadithi zako za shule kama hakuna kilichotokea. Bibi yako akapiga vigelegele kwa tonge moja, jirani akachungulia kuuliza kama umepata mchumba.

Hivyo ukinisoma usidhani nimekaa hapa nyuma ya kontena nimejiinamia. Sijajiinamia. Mwili umechoka, ndiyo, vidole vyangu navyo asubuhi havifunguki mpaka nivitie kwenye maji ya moto, nondo hizi si mchezo. Lakini nikiwa nimebeba zege huwa nakuona unashika koleo la umeme, unachuna waya kwa ule mkono, na yule mwalimu wa usaili alipokuambia, "Shika hiki, kaza," ukakaza mpaka akasema basi inatosha. Bibi yako bado anauliza msichana na nguzo za umeme wapi na wapi. Ulimjibu vizuri: "Bibi, taa ikizimika utamwita nani?" Nimewasimulia kambini wote. Wamechoka kunisikia.

Sasa kidole cha mwisho. Wakisema kinahitaji kukatwa tena Z nyingine, ni wewe wa kuamua. Una miaka kumi na tisa, saini ni yako. Usinipigie kwanza kuniuliza. Kutakuwa na mtihani, kutakuwa na kazi ya muda, kutakuwa na mtu atakayekupigia simu alfajiri. Mimi nilipopigiwa niliondoka. Sina la kukufundisha zaidi ya kukuambia nilipokwenda.

Na daktari wa Morogoro atakuuliza kwa nini mkono ulikaa miaka minane umefungwa. Watu wa kwetu tukiulizwa hivyo huwa tunasema umaskini, au hatukujua, na daktari anaandika hivyo. Wewe mwambie kweli. Mwambie nafasi ilikuja na baba alinitoa wodini akaenda kuokota korosho. Usinifichie. Labda atampa mzazi mwingine mfano, na huyo mzazi atabaki.

Mama yako hajui. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, nikirudi mwezi ujao. Usinibebee hilo, una mizigo yako.

Sikuombi unisamehe katika karatasi hii. Kuomba msamaha siku moja kabla mtu hajasafiri ni kumfunga miguu, anaondoka akiwa hana nafasi ya kukasirika. Kasirika ukitaka. Una haki ya kukasirika mwaka mzima, na ukimaliza au usipomaliza, mimi ni baba yako vile vile.

Basi lako likitoka Mtwara alfajiri hufika hapa Somanga kabla ya adhuhuri, husimama ili watu wale samaki. Nimemwomba msimamizi saa moja. Ameguna, amekubali. Nitakuwa upande wa kulia wa barabara, karibu na wauza samaki, nimevaa ile fulana ya njano ya kazi, hutanikosa. Utakuwa umeshaisoma barua. Ukishuka, shuka. Ukibaki kitini, sitapanda kukutafuta wala sitagonga dirisha. Nitasimama pale pale mpaka basi lirudi barabarani na lipite daraja la pale mbele. Safari hii nimekuja kukusindikiza, na sitaondoka kabla yako.

Baba yako,
Selemani